Asiye na Bosi Naye Aulizwe



Neno "uwajibikaji" husikika sana katika hotuba za viongozi, nawe huenda umeliandika mara nyingi katika insha zako. Asili yake ni "wajibu", neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Kutokana nalo tuna kitenzi "kuwajibika", yaani kutimiza jukumu na kuwa tayari kuulizwa juu yake. Nasisitiza sehemu hiyo ya pili: pasipo muulizaji, hapana uwajibikaji.

Mtazame basi fundi cherehani wa Buwenge, au mwenye saluni, au kijana anayekaanga chapati za rolex kando ya barabara iendayo Kamuli. Hana bosi. Akichelewa kufungua, hakuna wa kumkaripia. Akichota fedha za mtaji kununulia sare za watoto, hakuna wa kumwuliza atazirudisha lini. Wengi huutamani uhuru huo. Mimi naona kwamba uhuru usio na muulizaji huua biashara ndogo kimyakimya. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilosomwa na mtu wa pili lina faida ndogo.

Akina mama wa vijijini walilitambua jambo hili mapema. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa unaoenea leo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake, ukafika hadi kwetu Uganda. Wanachama wapatao 15 hadi 30 hukutana, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sanduku hilo halikubuniwa kwa kuwa wanachama ni wezi. Lilibuniwa ili hata mwaminifu asijaribiwe.

Siku hizi wafanyabiashara wa peke yao huunda makundi ya WhatsApp. Ni jambo jema, maana fundi wa Buwenge aweza kupimana na mwenzake wa Mbale bila kulipa nauli. Hata hivyo, makundi mengi hujaa salamu, sala na matangazo, lakini hayana kufuli. Msimamizi ni mmoja. Yeye ndiye apokeaye michango katika simu yake, na ndiye awezaye kumwondoa anayeuliza michango imekwenda wapi. Hilo ni sanduku lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko mfukoni mwa mwenye sanduku.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kundi liwe dogo, la watu wanaojuana kwa kazi zao, na wasimamizi wawe watatu. Pili, kila Jumatatu kila mmoja aandike ahadi moja inayopimika, na Jumapili aeleze ilivyotimia. "Nitajitahidi" haipimiki; "nitashona sare kumi" inapimika. Tatu, fedha za pamoja zisikae katika simu ya mtu mmoja, na hesabu ziandikwe pia katika daftari la karatasi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alibaki na nini?

Utaniambia kwamba kuulizwa mbele za watu ni kuaibishwa. Hoja hiyo ina uzito. Kundi linalotangaza deni la mwanachama au kusambaza picha yake halimwajibishi, bali linamdhalilisha. Na tangu 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Lakini tofautisha swali na tusi. "Uliahidi sare kumi, umeshona ngapi, na nini kilikukwamisha?" ni swali. "Wewe ni mvivu" ni tusi. Anayejua tofauti hiyo amejifunza lugha na uraia kwa pamoja.

Kwa nini mwalimu wa Kiswahili alishughulikie jambo la cherehani na chapati? Kwa sababu mwezi Februari 2022, huko Kibuku, serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, na kila parishi ikaahidiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo zinahitaji wananchi wa kuuliza: nani amepata, kwa kigezo gani, na zimezaa nini? Asiyethubutu kumwuliza mweka hazina wa kikundi chake cha watu 20 hatathubutu kumwuliza mkuu wa parishi. Na asiyekubali kuulizwa juu ya sare kumi atakosa uso wa kuuliza juu ya mamilioni.

Ukihitimu na kufungua duka lako, usisubiri lianze kuyumba. Watafute wenzako wanne, uwakabidhi haki ya kukuuliza, nawe uwaulize.