Picha ya Karatasi Juu ya Chombo cha Mkono

Tarehe 27 Julai mwaka 1756, katika mji wa Liverpool nchini Uingereza, mchapaji mmoja aitwaye John Sadler na mwenziwe Guy Green waliingia kazini saa tatu asubuhi, na ilipofika saa tisa mchana walikuwa wamekwisha kuvipiga chapa vigae zaidi ya 1,200 vya kupambia kuta, kila kimoja na taswira yake. Siku chache baadaye walikula kiapo kuthibitisha jambo hilo, na wafinyanzi wawili wa mji ule wakashuhudia kwamba wachoraji mia moja mahodari wasingaliweza kutimiza kazi kiasi hicho, wala kwa unadhifu ule, katika muda ule. Tangu hapo mchoraji wa vyombo amekuwa na mshindani asiyechoka, na tangu hapo pia yamekuwako manung'uniko, ambayo yamefika mpaka zama zetu, ya kuwa picha iliyobandikwa ni ghushi, na kwamba mfinyanzi aibandikaye juu ya chombo alichokifinyanga kwa mikono yake anajivunjia heshima.

Manung'uniko hayo nayapinga, ingawa si yote.

Kwanza ifahamike kazi yenyewe ilivyo. Dekali ya siku hizi ni picha iliyochapwa kwa rangi za madini zilizochanganywa na unga wa kioo ili zipate kushika, juu ya karatasi iliyopakwa gundi, kisha ikafunikwa kwa utando mwembamba wa laka. Karatasi hutoswa majini kitambo kidogo, gundi ikalegea, na picha ikateleza juu ya chombo ambacho kimekwisha kuchomwa na kuvikwa ngozi yake ya kioo. Maji na hewa hukamuliwa chini yake kwa kipande laini cha mpira, kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Chombo huachwa kikauke barabara, na mwishowe hurudishwa tanurini kupata moto wa nyuzi 750 hadi 850 hivi za sentigredi, ambao huiunguza laka ikatoweka na kukilainisha kioo kiasi cha kuzipokea rangi. Wako pia watumiao printa ya leza ya kawaida, maana wino wa baadhi ya printa hizo ni unga wenye oksidi ya chuma, na yote mengine yakisha kuungua chuma hubaki, picha iliyokuwa nyeusi ikageuka hudhurungi. Asemaye kwamba hii ni kazi ya mvivu aghalabu hajapata kuona kipovu kimoja cha hewa kilichosahauliwa kikipasuka katika moto na kuacha tundu jeupe katikati ya uso wa mtu. (Vyungu vyetu vya kupikia, vichomwavyo uwanjani kwa kuni na majani, havimo katika shauri hili, kwani havina kioo cha kuipokea picha.)

Ugumu mkubwa zaidi uko katika umbo. Karatasi ni bapa. Kikombe kilichonyooka huipokea bila matata, walakini tumbo la mtungi, lipindalo upande huu na upande huu, huifanya ijikunje makunyanzi, hata ikabidi kuikata vipande na kuviunganisha upya. Ustadi huu ulizaliwa kwa ajili ya vyombo vya kiwandani, vinavyofanana kama tembe za dawa, ilhali chombo cha mkono kina mdomo usiolingana, na alama ya kidole gumba, na bega moja lililoinama kidogo kuliko la pili. Hapo ndipo ninapohitilafiana na makundi mawili kwa pamoja: wale wasiotaka karatasi iguse udongo kabisa, na wale wanunuao shiti zima la mawaridi mekundu wakayabandika juu ya kila chombo kilicho rafuni, kirefu kwa kifupi, bila kukiuliza chombo kina nafasi gani. Mawaridi hayo, niseme kweli, yamenichosha.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa akili na amtazame Grayson Perry, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Turner mwaka 2003. Mitungi yake huijenga kwa kuuviringa udongo kamba kamba na kuupandisha duru juu ya duru, njia ile ile ijulikanayo na mikono ya wanawake wengi wafinyanzi wa Afrika ya Mashariki, kisha huichora kwa kuikwaruza, na juu ya michoro hiyo huweka picha za kuhamishwa, nyingine za kamera, hata jicho lisijue mara moja lipi lilitoka mkononi na lipi lilitoka karatasini. Picha ya kununua kwake ni neno moja katika hadithi ndefu. Howard Kottler wa Marekani, aliyefariki mwaka 1989, alikwenda mbali zaidi: alizichukua dekali za dukani, akazikata na kuzipanga upya juu ya sahani ambazo hata hakuzifinyanga, na bado kazi ikawa yake, kwa sababu mkasi ulikuwa wake na mzaha ulikuwa wake.

Aidha, hiyo dhana ya kuwa chombo cha heshima lazima kitoke katika mkono mmoja haina asili hata katika turathi tunazozitukuza. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika makaburi ya Kunduchi hayakuwa ya mtu mmoja. Katika viwanda vya kaure vya Jingdezhen aliyefinyanga hakuwa mchoraji, na wachoraji wenyewe waligawana kazi, huyu mistari na huyu maua. Waliojenga makaburi yale hawakuyaona yamepungua thamani.

Palipo na ghushi ni kwenye ulimi wa muuzaji. Akisema "kimechorwa kwa mkono" ilhali picha imetoka dukani, amemdhulumu mnunuzi, na amemdhulumu zaidi jirani yake akaaye siku nzima na brashi na kulazimika kuuza kwa bei ile ile. Ningependa, basi, kila chombo cha namna hii kiandikwe chini ya kitako: kimefinyangwa na nani, na picha ni ya kuchora au ya karatasi. Kadhalika itajwe kama kinafaa kwa chakula, maana rangi iliyowekwa juu ya kioo haina kinga nyingine juu yake, baadhi ya rangi hizo hasa za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na siki au ndimu huweza kuyatoa. Picha iliyo ndani ya bakuli la kachumbari ni shauri jingine kabisa na ile iliyo ubavuni mwa chombo cha maua.