Rolex Moja Yatosha

Wenzangu wanaoanza kukusanya saa za mkono hukimbilia Rolex bandia. Nawapinga. Hapa Wandegeya tuna rolex yetu, mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na hiyo angalau hushibisha! Kwenye zile bandia, vijisaa vya ndani mara nyingi ni picha tu. Fundi atatengeneza nini? Anayeanza anunue Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ambayo betri yake hudumu miaka 7 hivi. Kisha atafute Seiko 5 ya mtumba: haina betri, hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na fundi wa kando ya barabara huifungua, akaisafisha, ikaenda. Mtasema Casio ni ya watoto wa shule. Haya, lakini inapoandika 8:00 ni saa mbili kweli, na mhadhiri anafunga mlango.