Mjane na Benchi la Majira

Juzi barazani, baada ya sala ya alasiri, mzee wetu mmoja alisema kwamba wanawake wa Mombasa hawaendi kupimwa kensa ya mlango wa kizazi kwa sababu ya haya, na haya ni katika imani. Sote tukatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nilimkumbuka mama yangu mdogo.

Alikuwa mjane wa miaka 40 na kitu. Alianza kutoka damu isiyo ya mwezi, akaificha. Akanywa kombe, akajifukiza, akasema ni joto tu. Bintiye alipong'amua alimshika mkono mpaka zahanati, lakini walirudi bila ya kupimwa. Kisa chake ni hiki. Kipimo kile hufanywa chumba kimoja na uzazi wa majira, na benchi la kungojea liko ukumbini, mkabala na foleni ya wanaume waliokuja kupimwa malaria. Muuguzi akatoka, akapaza sauti: "Wale wa majira, piteni huku!" Jirani zake wako pale, wanamtazama. Mjane anataka majira ya nini? Aliinuka na buibui lake akaenda zake. Aliporudi, miezi mingi baadaye, tena hospitali kubwa, alikuwa amebebwa, na ugonjwa umekwisha kuenea.

Basi nauliza, ndugu zangu: ni haya iliyomuua, ama ni benchi lile?

Ugonjwa huu, karibu mara zote, huletwa na kirusi kiitwacho HPV, nacho huambukizwa kwa kujamiiana. Asije mtu akadhani ni ugonjwa wa wazinzi. Mke asiyemjua mwanamume ila mumewe aweza kukipata kwa mumewe huyo, na sisi tunaooa, tukaacha, tukaoa tena, tusijifanye hatusikii. Makadirio ya mwaka 2020 yalitaja zaidi ya wanawake 3,000 wa Kenya waliokufa kwa kensa hii katika mwaka huo mmoja. Na kinachouma ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya ya kawaida kirusi huchukua kama miaka 15 mpaka 20 kuzaa kensa. Muda wote huo dalili zake zaweza kuonekana, lau angepimwa.

Kipimo chepesi ni siki. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Pakiwa padogo huweza kugandishwa kwa baridi kali siku hiyo hiyo. Kwa aliyekwisha kukoma hedhi siki haifai sana; hupimwa kirusi chenyewe. Na kipimo hicho cha kirusi mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti maalumu, pasi na kuonwa na mtu, njia ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali. Ama mabinti, serikali ilianza kuwachanja mwaka 2019 wakiwa na umri wa miaka 10. Chanjo hiyo haimfanyi mtu tasa, ingawa uvumi huo nimeusikia barazani mara nyingi kuliko nilivyousikia ugonjwa wenyewe ukitajwa.

Majira nayo tusiyafanye aibu. Azli ilikuwa ikifanywa zama za Mtume (S.A.W.), na Imamu Ghazali aliijadili akaijuzisha. Kukata kizazi moja kwa moja ni mas-ala mengine. Kumpumzisha mama baina ya mimba na mimba, kwa ridhaa ya mume na mke, sioni mwenye kulia nalo ila asiyebeba mimba.

Ninachodai ni kidogo. Mwanamke aitwe kwa nambari, si kwa haja yake. Apimwe na mwanamke mwenziwe, mlango umefungwa. Benchi litolewe ukumbini. Tangu mwaka 2013 zahanati ziko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hapana haja ya kungoja barua kutoka Nairobi ndipo benchi lisogezwe hatua kumi.

Nasi tujitazame. Wapo miongoni mwetu ambao mke akiomba ruhusa ya kwenda arusini hupewa papo hapo, akiomba ya zahanati huulizwa, "Una nini?" Asiye na kitu ndiye hasa wa kwenda, maana kipimo hiki hakingoji maumivu. Mke wangu nilimpeleka mwezi uliopita, nikakaa nje juani kama saa nzima, na hapana aliyenicheka.

Barazani tumekwisha kuchanga fedha za pazia la benchi lile. Kitambaa kiko tele Biashara Street. Lililobaki ni ruhusa ya mkubwa wa zahanati, nayo twaingoja.