Gari Jipya au Lililotumika: Umri Ndio Mzani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtanzania anayetafuta gari lake la kwanza hukutana na bei mbili: ya gari jipya, ambayo wengi hawaimudu, na ya gari lililotumika kutoka Japani, inayoonekana nafuu. Hata hivyo, bei ya muuzaji si gharama kamili ya gari hadi liingie barabarani.

Kwa utaratibu wa kodi, gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Kwa mfano, gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10, baada ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, hufikia milioni 12.5. Uchakavu wa asilimia 30 huongeza milioni 3.75, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani na tozo nyingine.

Gari jipya halina mzigo huo, lakini hupoteza thamani kwa kasi katika miaka ya mwanzo, na hasara hiyo humwangukia mnunuzi wa kwanza. Kwa familia nyingi, basi, busara ni kuchagua gari lisilofikisha miaka 8, ambalo vipuri vyake vinapatikana na mafundi wanalifahamu.

Kabla ya kutuma fedha, mwananchi atumie kikokotoo cha kodi cha Mamlaka ya Mapato Tanzania. Rahisi huwa ghali pale hesabu inapofanywa baada ya meli kutia nanga.