Kumbe risasi nayo hunyolewa shingo!

Mlidhani kunyoa shingo ni kazi ya kinyozi tu? Huko Marekani walenga shabaha wanaojaza upya maganda ya risasi hukereza shingo la ganda kwanza, maana likiwa nene upande mmoja risasi inakaa mshazari. Ganda linavishwa kwenye kichuma cha mviringo, linazungushwa, kisu kidogo kinakwangua shaba ya nje. Maikromita haiwekwi mbali, jamani! Ile 6mm PPC waliyoibuni Palmisano na Pindell mwaka 1975, bunduki zake nyingi za mashindano zina nafasi ya shingo ya inchi 0.262 tu. Shingo nene ikibanwa humo haitanuki kuiachia risasi, mgandamizo unapanda, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Ukikwangua mno nako, ganda la kutupa hilo.