Kujitegemea si Kulipua Kazi

Kuna ugonjwa umetuingia vijana tunaoandika, nao lazima usemwe hata kama wengine watanuna. Mtu akishatoa kitabu kwa fedha zake mwenyewe, hataki tena kuulizwa kitu. Ukimwambia sura ya tatu imepwaya, anakujibu, "Mimi najitegemea, bwana." Ukimwonyesha makosa ya tahajia, eti umetumwa na wachapishaji wakubwa. Kujitegemea kumegeuzwa mwavuli wa kufichia uvivu. Basi leo tuwatazame watu wanaojitegemea kweli. Mimi nimewapata kwa wapiga jazz wa Chicago, kule Marekani.

Nikitaja jazz, najua wengi mtakumbuka Morogoro Jazz na Western Jazz. Bendi zetu zile zilichukua jina, lakini muziki wao ulikuwa dansi. Jazz ninayoizungumzia ni ile ya Wamarekani weusi, ambayo mpigaji hupewa nafasi abuni papo kwa papo mbele za watu, kama malenga wanaojibizana jukwaani. Wapo wanaodai kwamba ni muziki wa hotelini, wa kuteremshia chakula cha wenye pesa. Hao hawajasikia albamu ninazozileta hapa. Zote tatu zimetolewa na International Anthem, kampuni ndogo iliyoanzishwa Chicago mwaka 2014.

Tuanze na *In the Moment* ya mpiga drams Makaya McCraven, iliyotoka mwaka 2015. Huyu bwana na wenzake walipiga katika baa moja ya Chicago kwa mwaka mzima, maonyesho 28, wakibuni tu, na mitambo ikirekodi. Mwisho wakajikuta na karibu saa 48 za muziki. Hebu jiulize, angekuwa mmoja wetu angefanya nini? Angetoa juzuu kumi, halafu atuambie kwamba kipaji hakikatwi! McCraven alikaa chini na mkasi. Alikata, akarudiarudia vipande alivyovipenda, akaviunga, hadi zikabaki nyimbo 19. Ukisikiliza hujui mkono wa mpigaji umeishia wapi na wa mhariri umeanzia wapi. Mdundo hauchoshi, maana kila kilicholegea kilitupwa. Na nani alimlazimisha? Hakukuwa na bosi wa kumpigia meza. Alijilazimisha mwenyewe.

Ya pili ni *The Oracle* ya Angel Bat Dawid, ya mwaka 2019. Dada huyu anapiga klarineti, anapiga piano na anaimba. Karibu kila sauti unayoisikia ni yake, na karibu zote alizirekodi kwa simu ya mkononi, akiwa Chicago, London na Cape Town. Simu! Tayari namwona mtu anapiga makofi: "Si unaona? Studio ya nini?" Tulia kwanza, mshikaji. Sikiliza sauti zilivyopangwa, moja juu ya nyingine, hadi mtu mmoja anajiitikia kama kwaya nzima. Amechukua shairi la Margaret Burroughs, linalouliza mzazi awaambie nini watoto wake weusi, na swali lile analirudia kwa sauti zinazopandana mpaka unasahau kwamba uliketi kusikiliza muziki. Kasoro zipo. Sehemu nyingine maneno yanamezwa, na simu inadai haki yake. Lakini umaskini wa kifaa haukuingia katika mpango wa kazi. Kifaa kilikuwa duni, fikra haikuwa duni. Sisi mara nyingi tuna karatasi safi na jalada la rangi nne, ndani hamna mtu.

Ya tatu ni ya mpiga tarumbeta Jaimie Branch. Alianza na *Fly or Die* mwaka 2017, tarumbeta ikisindikizwa na selo, besi na drams. Tarumbeta yake haibembelezi mtu. Inaita, inagomba, halafu inanyamaza ghafla ukabaki unaisubiri. Branch alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 39, akaacha albamu nyingine iliyokuwa inakaribia kukamilika. Wenzake wa bendi pamoja na familia yake waliimalizia, ikatoka mwaka 2023. Wangeweza kuitoa kama ilivyokuwa, nani angemlaumu marehemu? Hawakufanya hivyo.

Hapo ndipo ninapotaka kuwakaba wenzangu. Chicago kujitegemea hakukuanza juzi. Mwaka 1965 wanamuziki weusi wa mji huo waliunda chama chao, AACM, wakawa wanajiandalia maonyesho yao wenyewe na kufundisha vijana muziki. Walikataa kungoja wenye kumbi na makampuni, lakini hawakukataa kusahihishana. Na sisi hapa neno hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitaja kujitegemea sambamba na ujamaa. Sisi vijana tumelitenga neno moja na ndugu yake, sasa kila mtu anajitegemea chumbani kwake na mlango kaufunga.

Sisemi kwamba wachapishaji ni malaika. Mswada wangu wa riwaya umelala mezani kwa mmoja wao miaka miwili, hata barua ya kukataa sijaiona. Naijua hasira hiyo. Lakini hasira haihariri kitabu.

Na msidhani haya ni mambo ya urembo tu. Kuna binti ameshinda njaa mchana ili pesa ya chipsi anunulie kitabu chako. Akifika nyumbani akakuta mhusika aliyekufa ukurasa wa 20 anapika chai ukurasa wa 45, hatakulaumu wewe peke yako. Atasema vitabu vya vijana ni takataka, na kesho nikimfuata na changu atanipita kama upepo. Ukilipua kazi yako umeniharibia na mimi soko, umemharibia na yule mdogo wetu wa kidato cha pili anayeandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu.

Kwa hiyo jamani, tuache kupeana sifa za bure kila mmoja wetu anapotoa kitabu. Mtafute mtu asiyekuogopa, mpe mswada na kalamu nyekundu. Akirudisha, usinune. Una kurasa 300? Tafuta zile 120 zinazopumua, nyingine ziache. Ukishamaliza, toa hata kwa fotokopi, shona kwa uzi, uza kituo cha basi. Nitakinunua, nitakisoma, na kikipwaya nitakuambia mbele ya watu. Nawe unifanyie vivyo hivyo changu kikitoka.