Rogo Alistahili Jela, Akapewa Kaburi

Ile klipu imerudi tena. Kila baada ya miezi michache lazima kuna msee ameichimbua: Sheikh Aboud Rogo akihubiri, picha imefifia, sauti inakwaruza kama kaseti ya babu, na huku nyuma mtu amepachika kasida na picha ya simba. Lakini si klipu iliyonikalisha chini niandike. Ni komenti. Nusu ni vijana wa miaka 16, 17, wanaandika "shahidi" na "simba wa Pwani". Nusu ingine wanaandika "afadhali walimmaliza". Mimi nina ugomvi na nusu zote mbili, kwa hivyo kaeni kwa laini, kila mtu atahudumiwa.

Kwanza, kwa wale walikuwa bado wananyonya. Rogo alikuwa mhubiri Mombasa. Alishtakiwa kuhusu shambulio la hoteli ya Paradise kule Kikambala, Novemba 2002, ambalo wengi waliokufa walikuwa Wakenya. 2005 mahakama ikamwachilia. Akaendelea kuhubiri, mihadhara yake ikazunguka kwa kaseti, kwa DVD, mwishowe kwa simu. Januari 2012 akakamatwa tena, mara hii kwa kesi ya silaha, akatoka kwa dhamana. Julai 2012 Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo, ukisema anasajili watu na kuchangishia al-Shabaab pesa. Tarehe 27 Agosti 2012, mchana peupe, akiendesha gari Bamburi na familia yake ndani, akamiminiwa risasi. Mkewe akajeruhiwa.

Sasa nyinyi wa simba. Simba gani huyo? Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia watoto wa wengine waende Somalia. Vijana wa Majengo, wa Likoni, wa Mji wa Kale, wavuke mpaka wakapigane vita ambavyo havikuwa vyao. Kuna mama Pwani sai hajui mwanawe alizikwa wapi, au kama alizikwa. Hakuna anayemwekea huyo mama kasida.

Na msinijie na ile hadithi ya "lakini alisema ukweli kuhusu dhuluma". Ndiyo, alisema. Mashamba ya Pwani yana wenyewe ambao hata hawaishi huko, kazi za bandarini zina majina ya kutoka mbali, kijana Mwislamu akienda kutafuta kitambulisho alikuwa anaulizwa cheti cha babu yake, na karao wakija usiku hawabishi hodi. Yote kweli. Lakini muulize mvuvi yeyote: ndoano tupu haivui samaki, chambo lazima kiwe nyama ya kweli. Rogo alichukua machungu ya kweli akayavalisha kwenye ndoano. Shamba gani limerudi kwa mwenyewe kwa sababu ya zile hotuba? Nitajieni hata moja. Nitawangoja.

Mnataka sheikh jasiri? Tafuteni habari za Sheikh Mohammed Idris. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, ile CIPK, na alisimama hadharani kupinga huu msimamo mkali. Vijana wakamfukuza kwenye msikiti wake, Masjid Sakina. Hakunyamaza. Tarehe 10 Juni 2014 akapigwa risasi Likoni akielekea swala ya alfajiri. Yeye hana klipu yenye simba. Hata wengi wenu ndio mnasikia jina lake hapa.

Haya. Nyinyi wa "afadhali walimmaliza", msijifiche nyuma, nimewaona mkicheka.

Polisi walikana kumuua Rogo. Sawa, tuiweke hivyo. Lakini angalieni venye orodha inasonga. Aprili 2012 Samir Khan anatolewa kwa matatu na watu wasiojulikana, mwili unapatikana Tsavo. Agosti ni Rogo. Oktoba 2013 ni Sheikh Ibrahim Ismail, mrithi wa Rogo kwa mahubiri, na watu watatu waliokuwa naye kwa gari. Tarehe 1 Aprili 2014 ni Abubaker Shariff, yule Makaburi, aliyekuwa amesema hadharani kuwa shambulio la Westgate lilikuwa halali. Alipigwa risasi Shanzu, nje ya mahakama. Nje ya mahakama, wasee. Kama kuna mahali duniani mtu kama huyo alipaswa kumalizwa kwa karatasi na nyundo ya hakimu, ni hapo tu, hatua chache kutoka mlangoni. Baadaye mwaka huohuo Al Jazeera wakatoa filamu ambayo maafisa waliofichwa sura walisema hayo mauaji ni kazi ya polisi. Serikali ikakana tena. Na hakuna mtu hata mmoja amefungwa kwa kumuua Rogo wala Makaburi.

Na mlipata nini? Baada ya Rogo kuuawa Mombasa iliwaka siku kadhaa, makanisa yakavamiwa, maafisa wakauawa kwa guruneti. Baada ya Ibrahim, kanisa la Jeshi la Wokovu pale Majengo likachomwa. Waumini wa hilo kanisa hawakuwa na kesi na mtu. Masjid Musa, vijana wakaanza kuuita Masjid Shuhadaa, yaani msikiti wa mashahidi. Hiyo ndiyo kazi risasi ilifanya: ilibadilisha mshtakiwa kuwa shahidi, na jengo likabadilishwa jina. Westgate ilikuja miezi 13 baada ya Rogo, watu 67. Mpeketoni ikafuata, watu zaidi ya 60. Garissa, mwaka mmoja na siku moja baada ya Makaburi, watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Sisemi Rogo angekuwa hai haya yasingetokea. Nasema mliuziwa risasi kama dawa, na mgonjwa hakupona.

Kuna kitu kinaniuma zaidi. Kisheria, Aboud Rogo alikufa bila hatia. Hiyo ndiyo zawadi alipewa na aliyemuua, yeyote yule. Kesi ya 2002, alishinda. Kesi ya 2012, haikuisha. Kwa hivyo kila nikibishana na mtoto wa "simba" ananiuliza swali moja tu: alipatikana na makosa gani? Na mimi nabaki na taarifa za Umoja wa Mataifa na kumbukumbu za mihadhara, badala ya hukumu. Kesi ingetuonyesha pesa zilipitia wapi, nani alikuwa anawapokea vijana mpakani, nani alikuwa anawadanganya wazazi. Yote akaenda nayo.

Mtaniambia mahakama zetu ni polepole, mashahidi wanaogopa, magaidi wanapewa dhamana. Ni kweli ni polepole. Lakini kesi ya Garissa iliisha. 2019 watu watatu walipatikana na hatia: mmoja maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mnawajua majina? Mnajua sura zao? Hakuna kijana amewatengenezea video. Mtu akikaa kizimbani miaka, akipiga miayo, akibishana na wakili wake kuhusu tarehe, uchawi wote unamtoka.

Ama chukueni Mackenzie wa Shakahola. Zaidi ya miili 400 imefukuliwa kule msituni. Huyo naye ni msimamo mkali wa dini, tofauti ni kitabu tu alichoshika. Kesi yake imefika kortini Mombasa, inakokotwa, inachosha, na hakuna mtu anamwita simba. Halafu mwangalie kingine: kuna Mkristo yeyote aliambiwa "laani Shakahola kwanza ndio tuongee"? Hakuna. Lakini rafiki yangu wa Eastleigh, kila bomu likilipuka, lazima ajieleze kabla ya salamu. 2014 maelfu ya Wasomali walizolewa Nairobi, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na watu wakasema wacha wakaguliwe. Mwaka uliofuata, Desemba 2015, basi la kwenda Mandera likasimamishwa na al-Shabaab, Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari kwa majeraha. Ni laana gani ingine mnataka?

Nikirudi kwa wale wa kucheka, hii sehemu ni yenu. 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti ya watu waliouawa au kupotezwa Pwani tangu 2012. Kesi 81. Hilo shirika lenyewe, mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeliweka kwenye orodha ya ugaidi na kufunga akaunti zake za benki, mpaka mahakama ikasema hakuna ushahidi. Nairobi ilisoma hiyo habari ikageuza ukurasa. Si ni mambo ya Waislamu wa Pwani?

Ikafika Juni 2024. Subaru zikaanza kuzunguka Nairobi, Embu, kila mahali. Kufikia Desemba Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa. 81 kule, 82 huku. Magari bila namba, watu waliofunika sura, polisi wanakana, wazazi wanazunguka vituoni na picha. Na 2025 vijana wa maandamano wakapelekwa Kahawa kushtakiwa ugaidi, kwa sheria ileile ya kuzuia ugaidi ya 2012. Mlishtuka sana. Mama wa Majengo hakushtuka, yeye alikuwa amezoea tangu mkiwa shule ya msingi.

Kwa hivyo ukiniwekea hiyo klipu tena na simba wako, nitakuuliza kuhusu Sheikh Idris. Na wewe mwingine ukiandika "afadhali", nitakuuliza ni nani alikupa hakikisho kwamba orodha inaishia kwa watu usiowapenda.

Na kuna ofisi moja ina deni letu. Baada ya Rogo kuuawa, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliunda jopo. 2013 jopo likasema ushahidi hautoshi kumshtaki mtu, likapendekeza uchunguzi wa wazi wa hicho kifo. Nani alifyatua, nani alituma, gari lilikuwa la nani. Tuonyesheni majibu. Tumbo la Rogo silitetei, nataka tu kujua nani ana ruhusa ya kuua watu barabarani katika hii nchi, na kama bado anafanya kazi.